Habari za Gemu: Mwongozo kwa Asiyewahi Kuumwa na Nyoka

Ukifungua tovuti ya habari za gemu kwa mara ya kwanza, usiguse kitu. Ngoja ukurasa utulie. Utaona kichwa cha habari kimekaa mahali pake, nawe utapeleka kidole gumba ukibonyeze. Hapo hapo tangazo litachomoza juu, kichwa kishuke chini, na kidole kitue kwenye tangazo la kamari. Wenyeji wameshazoea. Wanahesabu mpaka kumi ndipo wanagusa.

Baada ya hapo kitakuja kisanduku cha vidakuzi, kikuulize kama umeridhia kufuatiliwa na washirika mia kadhaa wa biashara. Kitufe cha kukubali ni kikubwa na kina rangi ya kuvutia; cha kukataa kipo, ukitafute. Chini kulia video imeshaanza kujicheza yenyewe, tena inahusu gemu nyingine kabisa. Kama uko kwenye waifai ya ofisini, iangalie kwa amani. Kama umejiunga bando la siku, elewa kwamba MB zinazoteketea pale ni zako na hela ya tangazo ni yao.

Sasa habari yenyewe. Tuseme umekuja na swali moja la adabu: GTA VI inatoka lini? Jibu lake ni maneno matatu, lakini utapewa aya kumi na mbili. Aya ya kwanza itakueleza kwamba GTA ni mfululizo maarufu wa gemu. Ya pili itakuarifu kwamba wewe na mashabiki wenzako duniani kote mnaisubiri kwa hamu kubwa, kana kwamba ulikuwa hujijui. Ya tatu itasimulia GTA V, iliyotoka Septemba 17, 2013, na jinsi ilivyouza. Tarehe uliyoifuata iko chini kabisa, ng'ambo ya tangazo la nne. Hakuna uchawi hapo, ni hesabu tu. Watu chungu nzima wanaiuliza Google swali hilohilo kila siku, hivyo kila tovuti inataka ukurasa wa kulijibu; na kwa kuwa matangazo yanapachikwa kati ya aya na aya, mwandishi anayejibu mstari wa kwanza anajinyima ugali. Dawa yake ni kutoanzia juu. Teremka mpaka penye herufi nzito, chukua tarehe yako, aga.

Ila tarehe hiyo usiiandike kwa wino. Rockstar, watengenezaji wake, walitoa trela ya kwanza Desemba 2023, mapema kuliko walivyopanga kwa sababu ilikuwa imeshavuja, wakasema gemu itatoka 2025. Mei 2025 wakasema Mei 26, 2026. Novemba 2025 wakasema Novemba 19, 2026. Kwako wewe kila kuahirishwa ni msiba mdogo. Kwa tovuti ni sikukuu ya wiki nzima. Siku ya kwanza inaandikwa habari ya kuahirishwa, na jioni habari ya hisa za Take-Two, kampuni mama. Kesho yake yanakuja maoni kwamba kuahirisha ni jambo jema, keshokutwa maoni kwamba ni jambo baya, kisha orodha ya gemu kumi za kukusogezea siku, kisha uchambuzi wa kampuni zipi sasa zitapumua na zipi zitahamisha tarehe zao. Gemu ikishatoka inaandikwa wiki kadhaa, halafu watu wanakwenda kuicheza na hawarudi. Isiyotoka inaandikwa miaka. Ukilishika hilo, mengine yote yatakayofuata humu hayatakushangaza: tovuti inaishi kwa kusubiri kwako, na siku utakapopata unachokisubiri, imepoteza mteja.

Ndiyo maana ile trela ya kwanza, ya dakika moja na nusu, ilizaa makala za kusoma siku nzima. Kila bango la barabarani lilikuzwa, kila namba ya gari ikahesabiwa, na yule mamba anayeingia dukani alichambuliwa kama mgombea ubunge.

Kuna jamaa mmoja aliyeielewa biashara hii kuliko wote. Mwaka 2019 studio ndogo ya Team Cherry, iliyoko Adelaide, Australia, ilitangaza gemu ya Hollow Knight: Silksong, kisha ikakaa kimya kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata. Tovuti hazikukubali kunyamaza nayo. Zikaandika kwamba Silksong haikuonekana kwenye onyesho hili, wala lile, wala lile la baadaye. Jamaa akafungua chaneli ya YouTube, akaiita Daily Silksong News, kazi yake ikawa kutokea kila siku na kutangaza kwamba leo hakuna habari ya Silksong. Kila siku, kwa miaka. Nasema bila utani: katika tasnia nzima sijaona chombo kingine chenye usahihi wa kiwango kile. Gemu ilipotoka, Septemba 4, 2025, wanunuzi walikuwa wengi mpaka Steam na maduka mengine ya mtandaoni yakazidiwa. Naye akaishiwa kazi.

Tuje kwenye tetesi. Hapa msomaji wa Kiswahili ana chanjo ya utotoni, maana tumekulia kwenye tetesi za usajili wa soka. Mtu aliyesoma kila Julai kwamba mshambuliaji wa Kibrazili yuko angani anakuja Msimbazi hahitaji kufundishwa maana ya "inadaiwa". Kinachompata hata mjanja ni kwamba tetesi za gemu huvaa suti. Hazisemi "nimesikia". Zinasema "kwa mujibu wa ripoti", na ukikifuata kiungo cha ripoti utafika tovuti ya pili, ambayo inainukuu ya tatu, ambayo inainukuu ya kwanza. Wote wamesimama kwenye duara, kila mmoja akimnyooshea kidole wa mbele yake.

Usidhani ni ugonjwa wa intaneti. Mwaka 1992 hakukuwa na tovuti hata moja ya gemu, lakini jarida la Marekani la Electronic Gaming Monthly lilichapisha katika toleo la Aprili siri ya kumfikia mpiganaji aliyefichwa ndani ya Street Fighter II, aitwaye Sheng Long. Jina hilo lilitokana na sentensi ya Kijapani iliyotafsiriwa vibaya ndani ya gemu. Mtu mwenyewe hakuwepo. Masharti ya kumwona yalikuwa ya mganga: umchukue mpiganaji aitwaye Ryu, uwapige wote bila kuguswa hata mara moja, ukifika kwa mpinzani wa mwisho, M. Bison, msigusane raundi kumi mfululizo. Ndipo atatokea. Chini yaliwekwa majina ya mtoa siri na mji wake, ambayo ukiyasoma haraka kwa Kiingereza yanakuambia umepoteza sarafu na umedanganywa tena. Ilikuwa Aprili, jamani! Majarida mengine yakaichukua habari yakaichapa kama kweli, na vijana wakazimwaga sarafu zao kwenye mashine wakimngoja mtu ambaye hajazaliwa.

Miaka thelathini na moja baadaye, Julai 2023, wachezaji wa World of Warcraft kwenye Reddit waligundua kwamba kuna tovuti inayookota mazungumzo yao na kuyageuza makala bila mkono wa binadamu. Hawakulalamika. Walikubaliana kushangilia kitu kiitwacho Glorbo, ambacho hakipo, wakaandika jinsi walivyokingoja kwa miaka, na aliyeanzisha akaongeza humohumo kwamba angefurahi sana kama tovuti zinazoendeshwa na roboti zingeandika makala kuhusu jambo hili. Makala ikatoka. Ilieleza furaha ya wachezaji juu ya ujio wa Glorbo, na ikayanukuu kwa heshima zote hata yale matumaini ya kuona roboti akiiandika. Tofauti na 1992 ni moja tu. Mhariri wa zamani aliyedanganywa na Sheng Long angalau aliona aibu.

Kwa hiyo ukikutana na habari usiyoiamini, itafute kwa mtu aliyeitoa kwanza. Akiwa na jina, na jina hilo limewahi kuandika mambo yaliyokuja kuwa kweli, msikilize. Akiwa "vyanzo kadhaa", kanywe chai.

Alama nazo zina sheria zake. Utaona gemu imepewa 7 kati ya 10 na utadhani imefaulu. Baraza letu la Mitihani lingempa mtoto huyo B na wazazi wangechinja kuku. Katika nchi hii ya gemu, 7 ni msiba. 6 ni tusi. 8 ni "sawa tu". Namba kutoka 1 hadi 5 zipo kwa ajili ya mapambo na kwa gemu zisizokuwa na bajeti ya matangazo. Mwaka 2014 tovuti ya IGN iliipa 7.8 Pokémon iliyotengenezwa upya, na kati ya kasoro ilizoorodhesha mojawapo ilikuwa maji kuzidi. Dunia ilicheka na bado inacheka. Aliyefungua makala na kuisoma alikuta hoja yenye akili kabisa: sehemu kubwa ya safari ni baharini, na baharini unakutana na viumbe walewale. Lakini nani alifungua? Watu walisoma namba na mstari wa kasoro, wakaenda kutukana.

Mzaha unaishia pale namba inapogusa mshahara wa mtu. Kuna tovuti, Metacritic, iliyoanza 2001, ambayo huchukua alama za wahakiki wengi na kuzifanya wastani mmoja. Studio ya Obsidian walipotengeneza Fallout: New Vegas, iliyotoka 2010, mkataba wao uliwaahidi bonasi wastani ukifika 85. Ulifika 84. Mmoja wa waandishi wa gemu hiyo, Chris Avellone, alilisema hadharani mwaka 2012. Hebu fikiria: mahali fulani kuna mhakiki aliyekuwa na njaa jioni hiyo, akaandika 8 badala ya 8.5 akaenda kula, na watu asiowajua wakakosa bonasi yao.

Mhakiki naye si simba asiyeliwa. Ana wake wa kumla. Novemba 2007 tovuti ya GameSpot ilikuwa imepakwa matangazo ya Kane & Lynch: Dead Men ukurasa mzima, juu mpaka chini. Katikati ya mapambo hayo Jeff Gerstmann, mhariri wa miaka mingi pale, akaweka uhakiki wa gemu hiyohiyo: 6.0. Kabla mwezi haujaisha alikuwa hana kazi. Kampuni ilikana kwamba tangazo ndilo lililomwondoa, na yeye makubaliano ya kuondoka yalimfunga mdomo. Mwaka 2008 akaanzisha tovuti ya Giant Bomb. Mwaka 2012 wamiliki wa GameSpot waliinunua Giant Bomb, kifungo kikafunguliwa, naye akaeleza kwamba uongozi wa wakati ule ulishindwa kusimama mbele ya shinikizo la watangazaji. Toka siku hiyo nina desturi ambayo nakuazima bure: kabla ya kusoma alama, tazama tangazo lililo pembeni. Gemu ikiwa ni ileile, soma, lakini soma ukiwa umekaa wima.

Ninayotaka uyaelewe vizuri zaidi ni ya Desemba 2020, kwa sababu hapo hakuna mhakiki aliyesema uongo, na bado watu walidanganyika. CD Projekt wa Poland walitangaza Cyberpunk 2077 mwaka 2012. Mwaka 2020 pekee iliahirishwa mara tatu: kutoka Aprili kwenda Septemba, Septemba kwenda Novemba, Novemba kwenda Desemba 10. Kusubiri kulikuwa kumeiva. Siku chache kabla ya kutoka, wahakiki walipewa gemu ya kompyuta tu. Ya PlayStation 4 na Xbox One hawakupewa. Tena walikatazwa kuonyesha video walizorekodi wao wenyewe; waliruhusiwa zile tu zilizotolewa na kampuni, nazo, kama utakavyotarajia, zilikuwa safi kama nguo ya Idi. Desemba 7 zuio la kuchapisha uhakiki likaondolewa, na alama za 9 na 10 zikamiminika, zote za kompyuta zenye nguvu. Wengi walitaja humo ndani kwamba hawajaiona ya PS4. Walitaja, ndiyo, aya ya mwisho mwisho. Mhakiki wa GameSpot aliyethubutu kutoa 7 alioga matusi kutoka kwa watu ambao, kumbuka, walikuwa hawajaicheza.

Desemba 10 wenye PS4 wakaweka diski. Magari yalizama ardhini, watu walitembea bila nyuso, gemu ikajizima. Wiki moja baadaye Sony waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni na kuanza kurudisha fedha. Ilirudi Juni 2021. PS4 ndiyo mashine utakayoikuta katika vibanda vyetu vingi vya gemu mpaka leo, kwa hiyo jambo hili lisikupite kama habari za Warsaw. Uhakiki ukiusifia ulimwengu wa gemu kwa aya kumi, swali lako liwe hili: huyu bwana ameicheza kwenye mashine gani? Kama hakusema, anahakiki gemu ambayo wewe huna.

(Na gemu hiyo, baada ya marekebisho ya miaka, ikawa nzuri. Hilo nalo likaandikiwa makala nyingi, zikiwemo za waliosema ilikuwa nzuri tangu mwanzo.)

Utauliza kwa nini wahakiki walikubali masharti yale. Kwa sababu asiyekubali haalikwi tena. Mwaka 2015 tovuti ya Kotaku ilifichua kwamba Bethesda na Ubisoft walikuwa wameikatia mawasiliano yote, hakuna gemu za mapema, hakuna mahojiano, hata barua pepe hazijibiwi, kwa kosa la kuandika habari za kweli kuhusu gemu ambazo kampuni hizo zilikuwa hazijataka zijulikane. Baadhi ya wasomaji walisema Kotaku wamejitakia. Ajabu hiyo utaizoea: hii ni nchi ambayo mteja humtetea muuzaji dhidi ya mtu anayemwonyesha mizani.

Mwisho, au karibu na mwisho, jua nyumba ni ya nani, maana wenye nyumba wanabadilika kuliko wapangaji. Kotaku ilizaliwa 2004 ndani ya kampuni ya Gawker na imepita mikono kadhaa tangu hapo. Eurogamer, ya Uingereza tangu 1999, ilinunuliwa Mei 2024 na IGN, kwa hiyo ukizisoma mbili hizo ili kulinganisha maoni, unazungumza na ndugu wa baba mmoja. Tovuti ya Polygon iliuzwa Mei 2025 na waandishi wake wengi wakatolewa siku hiyohiyo. Game Informer ndiyo iliyoniuma. Ilianza 1991 kama jarida la duka la gemu, ikawa ya GameStop, nayo ni duka. Kila mtu alijua mhakiki analipwa na muuzaji, na bado waandishi wake waliheshimika. Agosti 2, 2024 ilifungwa. Tovuti nzima ikaondolewa, miaka thelathini na tatu ya kazi, ukabaki ujumbe mmoja wa kwaheri. Ilirudi Machi 2025 na kumbukumbu zake, safari hii mwenye nyumba akiwa Gunzilla Games, kampuni inayotengeneza gemu. Baadhi ya waliotimuliwa huku na kule wamejenga vibanda vyao wenyewe, kama Aftermath ya mwaka 2023, ambako msomaji ndiye anayelipa. Mle ukurasa hautikisiki. Shida ni kwamba wanataka dola, na kadi ya kulipia.

Ukikosa kadi utarudi kutafuta kwenye Google, na Google ikikuchoka itakupeleka kule mwisho wa njia, ambako ukurasa unakuahidi GTA VI ya Android kwa MB 300. Gemu ambayo Rockstar hawajaimaliza, ya mashine ambayo hawajaitaja, kwa ukubwa ambao hautoshi hata nywele za Lucia, mhusika wake mkuu. Kiungo kama hicho utatumiwa pia kwenye kundi la WhatsApp, na binamu yako ambaye huwa hakosi. Kuna kitufe cha kijani cha kupakua. Ukikibonyeza utaambiwa uthibitishe kwamba wewe si roboti, kwa kupakua kwanza programu mbili za kamari na kuacha namba yako ya simu. Aliyeuandika ukurasa huo, ambaye yamkini ndiye roboti, hakuulizwa.